Mtani Aliyekataa Kutoka Kaburini

Haya ninayokueleza yalitokea. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe niliiacha kabla wajukuu zangu hawajazaliwa. Wanaosimulia mambo ya namna hii hukuambia ilikuwa usiku wa manane, mvua inanyesha, mbwa wanabweka. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na watu walikuwa wengi, tena wanacheka. Nenda Kwihara ukaulize. Kila mmoja atakuambia alimwona mwanamke yule. Muulize sasa alikuwa nani, uone atakavyonyamaza.

Nimechoka, kwa hiyo nitaeleza polepole. Nianze na mke wangu.

Jina lake Veronika. Wajukuu walimwita Bibi Afande. Mimi nilistaafu jeshini nikiwa sajenti. Yeye, walisema, hakustaafu. Kabla ya chakula aliwapanga barazani, mikono mbele, akawakagua kucha mmoja mmoja. "Hizi ni kucha za mtu au za mhanga mchimba mashimo?" Mwenye uchafu aliizunguka nyumba mbio, wenzake wakimpigia makofi ya gwaride. Wengine walichimba udongo makusudi ili wakimbizwe. Yeye alijua, akajifanya hajui, akawafokea kwa sauti ambayo hata mimi nilikuwa nasimama wima nikiisikia.

Nilimwoa akiwa binti wa Kwihara, hajawahi kupanda treni. Baadaye alipanda treni, malori ya jeshi na meli ya ziwani, godoro limefungwa kamba, masufuria ndani ya beseni, mtoto mgongoni. Uhamisho wa askari hauulizi kama mahindi yako yamekaribia kukomaa. Kila kambi aliyofika alilima mchicha nyuma ya kota, na kila mara walioula walikuwa wake wa watu wengine, sisi tukiwa tumekwisha kuondoka. Nilipomwonea huruma alisema, "Na sisi tutakula wa mwenzetu huko tuendako." Kweli tulikula.

Vita vya Kagera vilipoanza tulikuwa kambini hapa Tabora. Aliniandalia mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanivika begani, akasema nisiwape wenzangu yote. Nikamwacha na binti yetu Sesilia, aliyekuwa ameanza kutembea vizuri, na Petro ambaye bado alikuwa ananyonya. Yaliyofuata niliyasikia kwa majirani wa kota, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Walisema gari la afisa wa kuleta habari za vifo lilipoingia kwenye mistari ya nyumba jioni, wanawake walifunga milango, kila mmoja akiomba lisisimame kwake. Vero hakufunga. Alitoka nje na mtoto mkononi, akasimama mlangoni. Walipomuuliza, alijibu, "Likiwa langu, linikute nimesimama."

Halikuwa lake. Kifo kilichokuja nyumbani kwetu hakikuja na gari. Petro alishikwa na homa, na baada ya siku chache akafariki. Vero hakukubali azikwe pale karibu na kambi. Alisema kambi tutaihama. Akampeleka Kwihara, kwenye shamba la baba yake, akamzika huko akiwa na wazazi wake na ndugu wachache.

Niliporudi watu walijaa stesheni, wametuvisha majani na maua shingoni. Vero alikuwa pembeni kabisa, Sesilia ameshika khanga yake. Akanipa mkono, akasema, "Pole na safari, Baba Sesilia. Petro katangulia." Unajua nilisema nini? Nilisema, "Tumwachie Mungu," halafu nikauliza kama nyumbani kuna maji ya kuoga. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo nilifukia wenzangu, na moyo ulikuwa umekufa ganzi. Sikuambii hivyo ili unisamehe. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Kesho yake akaniambia, "Twende Kwihara nikakuonyeshe alipolala." Nikasema wiki ijayo. Kwihara, unaelewa? Si safari. Mtu anakwenda kwa baiskeli asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Nikasema wiki ijayo, na iliyofuata nikasema hivyohivyo. Alirudia mara chache, kisha akaacha, na uhamisho ukaja tukaondoka.

Miaka ikapita. Sesilia alipokuwa msichana wa sekondari, jioni moja tukisubiri chakula, aliniuliza, "Baba, uliwahi kufika kwenye kaburi la Petro?"

Nikamjibu, "Nilikwenda. Nilikwenda peke yangu."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Vero alikuwa anasonga ugali. Nilisikia mwiko umesimama. Halafu ukaendelea. Akaleta ugali, akatunawisha, tukala. Hakusema kitu usiku ule wala miaka yote iliyofuata, na niamini, nilikuwa namsubiri aseme.

Sasa njoo mwaka huu. Vero aliugua, na hospitali wakatushauri tukakae naye nyumbani. Siku moja akiwa amejiegemeza kwenye mito, akamwita Sesilia, ambaye sasa naye ana wajukuu, akamwambia, "Mnizike Kwihara, ubavuni kwa Petro. Baba yenu anapajua." Alipomaliza akanitazama. Nilitafuta hasira kwenye macho yale, sikuiona. Ningeiona ningepata nafuu.

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ambayo wengi hawapewi. Bado alikuwa anasema. Angeweza kunielekeza, anzia kwenye kisima, hesabu matuta, pinda kushoto. Sesilia alikuwa amekaa hapo hapo. Na mimi, mzee mzima, nikasema, "Napajua."

Alifariki Jumatano alfajiri.

Asubuhi ya maziko tulitangulia Kwihara na vijana wa kuchimba, na katekista, na Sesilia aliyesema lazima awepo, na mtani wetu Mzee Chilewa na mkewe. Mzee Chilewa ni Mgogo, alifanya kazi reli miaka mingi, akastaafia Tabora. Wagogo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani wakiomba maji. Kama hujui utani wa msibani, ujue hivi: wafiwa wanapolia, mtani kazi yake ni kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyotembea na alivyokohoa, anaiba chungu jikoni, anakaa kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka. Mfiwa hakasiriki. Mtani asipofika, msiba unakuwa mzito mno.

Shamba lile sikulitambua. Nyumba ya baba mkwe ilikwisha kuyeyuka ikawa udongo. Waliomzika Petro wote wameshakufa. Msalaba wa mti mchwa hauachi. Pale palipokuwa na uwanja sasa palikuwa na matuta ya karanga, na baada ya karanga muhogo, na watu wanaolima pale, waliokuja kututazama, ni wa juzi. Vijana wakasimama na majembe yao na sururu.

"Babu, tuchimbe wapi?"

Nikatembea kama mtu anayejua. Nilijifunza jeshini kutembea hivyo. Nikasimama karibu na kichuguu kikubwa, nikaonyesha chini. "Hapa. Mtoto yuko upande ule."

Sesilia akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye ardhi. "Mdogo wangu," akasema, "mama anakuja." Alikuwa anausalimia udongo mtupu, nami nimesimama nyuma yake nimeshika kofia.

Shimo lilipofika kiunoni, mwanamke akatokea upande wa muhogo. Mfupi, mwembamba, amejifunga khanga, juu yake amevaa koti kuukuu la jeshi nje ndani, bitana ikiwa nje. Uso wote ameupaka majivu. Mzee Chilewa akapiga makofi kwa furaha. "Mbukwenyi! Mwenzetu huyo kafika!" Mwanamke akatupigia saluti ya mkono wa kushoto, vijana wakaangua kicheko. Akamsukuma aliyekuwa shimoni, akamtoa, akarukia ndani, akakaa, akanyoosha miguu.

"Toka mama, tumechoka," kijana mmoja akasema.

"Umechoka nini, na hujawahi kuzaa?"

"Mpeni anachotaka!" Mzee Chilewa akapaza sauti. "Wanyamwezi mabahili nyie, hata shimo mnamnyima mtu!"

"Sitaki kitu," mwanamke akasema. Akajilaza, akajigeuza huku na huku kama anayepima godoro. "Kitanda hiki si changu. Nani kanitandikia kwa jirani?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, sauti tu. Katekista alisogea akainama juu ya shimo. "Mama, mwili unatoka mochwari saa saba. Utani nao una kiasi chake."

Hakumjali. Akaketi, akanitazama mimi. "Sajenti! Toa ripoti. Umeingiza jeshi shamba la nani?"

"Mjibu, Sajenti!" vijana wakanichagiza.

Ndipo mwanamke alipojiweka mabega sawa, akakohoa kidogo, akasema. Na sauti iliyotoka, ndugu yangu, ilikuwa yangu. Si hii unayoisikia sasa. Ile niliyokuwa nayo wakati ule, meno yote yakiwepo. Ilisema:

"Nilikwenda. Nilikwenda peke yangu."

Mzee Chilewa alijishika mbavu. "Ni yeye kabisa! Ni Sajenti huyu!" Vijana nao walicheka, kwa sababu hawakujua kinachochekwa ni nini. Mwanamke akachukua jembe lililobaki shimoni, akaligeuza, mpini chini, akaushika kwa mikono miwili, akaanza kusonga ugali. Pale chini kaburini. Alisonga hivi, taratibu, mpini ukikwangua udongo. Halafu akausimamisha. Akakaa hivyo, hageuki, hasemi. Kisha akaendelea kusonga.

Kicheko kilipungua chenyewe. Nikamwona Sesilia amesimama ng'ambo ya shimo, hacheki kabisa. Yeye alikuwepo jioni ile. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni kuliko mimi.

"Baba?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Sijui Petro kalala wapi. Sijawahi kufika hapa. Nilidanganya, na mama yako alijua nimedanganya."

Nilidhani atalia au atanitukana. Akasema polepole, "Na asubuhi hii ukaniacha nimepiga magoti..." Hakumaliza. Katekista akatazama viatu vyake.

Mwanamke akanyoosha mkono ili avutwe. Nilikuwa karibu zaidi, nikamvuta. Wengi huniuliza kama mkono ulikuwa baridi. Haukuwa baridi. Ulikuwa wa moto, mkavu, wenye sugu za jembe, mkono kama wa mwanamke yeyote wa shamba. Akapanda juu, akajikung'uta, akaingia kati ya matuta bila kukanyaga hata mche mmoja. Alikwenda mbali kuliko nilivyotarajia, upande wa pili kabisa, tukimfuata. Akasimama, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha akajilaza ubavu kwenye tuta, magoti ameyakunja kidogo, mkono mmoja ameunyoosha chini ya kichwa na nafasi ndogo ameiacha kifuani. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha angekuambia analala na nani.

"Hapa panatosha," akasema. Akainuka. "Nipeni maji sasa."

Mtu akaenda kutafuta kikombe. Wakati huohuo Sesilia akakaa chini kati ya karanga akilia, sote tukamgeukia. Kikombe kilipoletwa hapakuwa na wa kukipokea.

Hakuna aliyeshangaa wakati ule. Watani huja na kuondoka. Vijana wakanitazama mimi, kisha wakamtazama Sesilia, na kwa haki wakamwuliza yeye. Akasema, "Chimbeni. Lakini kwa mkono kwanza."

Wakaondoa tuta. Chini kidogo tu, kina cha mkono mpaka kiwiko, wakakuta mawe. Mawe meupe, madogo, yamepangwa mduara mrefu, urefu wa mtoto. Watu wa zamani wa pale walimzungushia mtoto mchanga mawe ili fisi asimfukue. Sesilia akashuka mwenyewe, akayafuta jiwe moja moja kwa khanga yake. Hakuruhusu jembe liguse tena upande ule. Akarudisha udongo juu yake, akawaonyesha vijana wachimbe ubavuni, na wakachimba. Shimo la kwanza tukalifukia.

Saa kumi tukamzika Veronika hapo, karibu kabisa na mwanawe. Wajukuu walijipanga bila kuambiwa, mikono mbele, kucha zikiwa na udongo wa kaburi la bibi yao. Sikuweza kutazama.

Jioni, chakula cha watani kilipotengwa, nikamwuliza Mzee Chilewa, "Yule mwenzenu yuko wapi? Na yeye ana sehemu yake."

"Mwenzetu? Si wa kwenu huyo? Wagogo tuliokuja ni mimi na mama watoto."

"Ulimkaribisha kwa salamu ya kwenu."

"Nilimwona kajipaka majivu! Ningejuaje?"

Watu wa Kwihara walisema walidhani alikuja nasi kutoka mjini. Mke wa Mzee Chilewa alisema alikuwa bibi mzee sana. Vijana wakamkatalia, wakasema alikuwa mwanamke mbichi, labda ana mtoto mmoja au wawili. Mimi niliona majivu tu.

Sesilia ana maelezo yake. Anasema ni mmoja wa wanaolima pale, aliyewahi kugonga yale mawe kwa jembe, akajua pana mtoto, akaona tunachimba pasipostahili. Yawezekana. Naye ni mwenye akili kuliko mimi. Nikamwuliza, sauti yangu aliitoa wapi? Na ule mwiko? Hapo anainuka anaaga. Tangu siku ile amebadilika kwangu. Si mkali, hapana. Ananipigia simu kila Jumapili, ananiuliza kama nimekunywa dawa, nikisema nimekunywa ananiambia nimpe simu mjukuu anayekaa nami athibitishe. Simlaumu. Ninampa simu mjukuu.

Lakini kilichonishika zaidi ni watani. Zamani nikipita sokoni Mzee Chilewa alinipigia kelele mbele za watu: "Mpagazi! Mzigo wa Mwarabu umeutupa pori gani?" Nami namrudishia ya kwake, siku inakwenda. Sasa akiniona anasimama, anavua kofia, anasema, "Shikamoo, mzee." Ananizidi umri yule. Shikamoo ananipa ya nini? Na si yeye peke yake, Wagogo wote wa pale mjini wako hivyo, kana kwamba aliyetaniwa na wafu hataniwi tena na walio hai. Juzi nilimchokoza mwenyewe, nikamwambia mlenda wa kwao haushibishi hata kuku. Nilisubiri anitukane, nilitamani kabisa anitukane. Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, mzee," akapita.

Basi wewe unayenisikiliza, kama yupo mtu aliyekuambia twende nikakuonyeshe, na ukamwambia wiki ijayo, ondoka sasa hivi umfuate. Usingoje mpaka uonyeshwe na mwingine. Mimi nilionyeshwa, nashukuru, mke wangu amelala alipotaka kulala. Ila sijui nimshukuru nani, na kila ninapokwenda kupalilia pale nabeba kikombe cha maji, nakiweka kwenye tuta, na jioni nakikuta kama nilivyokiacha.